Sahani ya Mgeni

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Ana kiti, hana jina. Ana sahani, hana njaa."

Tekla, mtoto wa miaka sita, aliacha kutandaza nyasi kavu mezani akafikiri, ulimi umechungulia nje. Katika nyumba ile aliyeshindwa kitendawili alitoa mji, na aliyekitega alitoa kikifumbuliwa, na Tekla alikuwa mchoyo wa miji yake. Alikwisha kumnyang'anya bibi yake Lublin na Krakow, na majuzi alimpokonya baba yake Paris nzima, akalala nayo.

"Mgeni!" akapiga kelele. "Mgeni wa Mkesha wa Noeli!"

"Haya, umenipata. Chukua Gdansk na bahari yake yote."

Bibi Petronela alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha midomo tu. Jana, sokoni, mbele ya watu, askari wa Kaizari wa Urusi, aliyeitawala Polandi siku hizo, walikuwa wamemkamata Bazyli, mjalidi wa vitabu, akiwa na kapu la samaki mkononi. Samaki walibaki kwenye theluji wakirukaruka, na hakuna aliyethubutu kuwaokota. Na mji mzima wa Sandomierz ulijua Bazyli alikuwa rafiki wa nani. Alikuwa rafiki wa Gracjan Wolicki, mtunga mashairi, mwana wa pekee wa Petronela.

Mashairi ya Gracjan ya mwezi na mawaridi yalikwisha kupigwa chapa kwa idhini ya serikali, na wasichana wa mjini waliyanakili katika vitabu vyao vya kumbukumbu wakayalilia. Hayo hayakumtisha mtu. Lililomtisha Petronela lilikuwa shairi la mwaka huu, lile la bibi arusi wa mhunzi, ambaye mumewe alipelekwa migodini Siberia kwa minyororo aliyoifua mwenyewe. Kila majira ya baridi bibi arusi huyo huenda kuuliza mlango hadi mlango, mpaka hakuna mlango uliobaki wa kuuliza, akaenda kuuliza mto. Shairi kama hilo halikuombewa idhini. Barafu ya mto ikiyeyuka lingesafiri kwa magogo ya mbao hadi pwani, na kutoka hapo nje ya nchi.

Nakala ilikuwa moja tu. Gracjan aliandika kama mtu aliyepandwa na pepo: alikwenda na kurudi kati ya jiko na dirisha, akanung'unika, akakimbilia kalamu, na kesho yake ukimwuliza mstari alioandika jana alikutazama kama umemwuliza umri wa nyota.

Sasa alisimama katikati ya chumba na karatasi zake kifuani, na mkewe Salomea amemkabili, mikono imejaa unga.

"Jiko hilo linawaka, Gracjan," Salomea alisema. "Tia humo, tule chakula kwa amani."

"Ukizichoma hizi, nichome na mimi."

"Usinitamanishe."

"Salomea!"

"Salomea nini? Mimi ndiye nitakayeuliza mlango hadi mlango, si huyo wa kwenye shairi. Yule anauliza kwa vina. Mimi nitauliza kwa baridi, na mtoto mgongoni."

Gracjan alimgeukia mama yake, kama alivyofanya tangu akiwa mtoto kila alipobanwa. "Mama, mwambie."

Petronela alimtazama mwanawe, shingo nyembamba, nywele zisizojua kitana, akamwona mtoto aliyewahi kumletea ndege aliyevunjika bawa akamwambia, mponye. Kumwambia mtu kama huyo achome alichozaa, utaanzaje?

Gracjan mwenyewe ndiye aliyepata wazo. Mezani nyasi zilikuwa zimetandazwa tayari, maana usiku wa Noeli hakuna Mpolandi anayekula bila nyasi chini ya kitambaa, kumkumbuka Mtoto aliyezaliwa horini. Alizipanga karatasi ubavu kwa ubavu juu ya ubao, akazifunika kwa nyasi. "Weka kitambaa, Mama. Weka sahani, mshumaa, kila kitu. Watapekua magodoro, watapekua jiko. Nani atainua meza ya Mkesha?"

Salomea alipiga ishara ya msalaba. Petronela alitandaza kitambaa cheupe cha arusi yake, akakilaza kwa viganja mpaka pasionekane hata kituta. Aliweka sahani nne za wenye nyumba, kisha ya tano, ile ya mgeni asiyealikwa, ambaye kwa mila haulizwi katoka wapi. Wote watatu waliitazama meza wakaiona salama. Jamani, hofu ina akili, lakini ina usahaulifu pia.

Nyota ya kwanza ilipotokea Tekla aliiona kabla ya wote, akawaita mezani. Gracjan alikuwa ameinua mkate wa Mkesha, ule mweupe, mwembamba kama karatasi, ambao kila mtu humega wa mwenzake akimtakia heri, ndipo mlango ulipogongwa. Haukugongwa kwa nguvu. Uligongwa kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyowatisha zaidi.

Aliyeingia alikuwa afisa mrefu wa koti la buluu, masharubu yameganda barafu, na nyuma yake askari wawili. Alivua kofia. "Kapteni Zubarev," alijitambulisha kwa Kipolandi kilichonyooka isipokuwa kwenye mwisho wa maneno. "Poleni kwa usumbufu. Kwetu sikukuu bado, kalenda yetu iko nyuma ya yenu, kwa hiyo serikali haina mapumziko. Bwana Wolicki ni yupi?"

Swali la kejeli, maana mwanamume alikuwa mmoja.

"Ni mimi."

"Nilikudhania mrefu zaidi. Mashairi yako ni marefu kuliko wewe."

Askari mmoja alicheka puani. Walianza kazi. Waligonga vigae vya jiko, wakachoma magodoro kwa bayoneti mpaka manyoya yakajaa hewani, wakamwaga kabati la Salomea sakafuni. Askari mmoja aliinua nguo zake za ndani moja moja kwa ncha ya bayoneti, akizitazama kwenye mwanga wa taa kana kwamba zimeandikwa. Salomea aliuangalia ukuta. Masikio yake yalikuwa mekundu, na Gracjan, ambaye katika mashairi yake wanaume walikufa kwa heshima ya wake zao, hakusema neno.

Petronela alisimama karibu na meza akimshika Tekla mabegani. Alijizuia asiitazame meza. Kujizuia nako kulimtisha: je, wakiona namna asivyoitazama?

"Hakuna kitu, kapteni," askari walisema.

Zubarev aliikaribia meza. Macho yake yalitembea polepole. "Watu wanne," alisema. "Sahani tano. Mnamngoja nani?"

Salomea alimtazama mama mkwe wake.

"Nimeuliza. Bazyli yuko kwetu, basi si yeye. Nani mwingine anakuja hapa leo? Jina."

Gracjan alifungua mdomo ukabaki wazi. Rangi ilimtoka. Petronela alimwona mwanawe anavyofanana na mwenye hatia, akajua kwamba sekunde moja zaidi itamfanya awe nayo.

"Hana jina, kapteni," alisema. "Ni sahani ya mgeni asiyealikwa. Kila nyumba ya Kipolandi leo inayo. Waulize jirani zetu."

"Na akija, mgeni huyo?"

"Anakaa, anakula. Haulizwi kitu."

"Yeyote?"

Petronela aliona mtego ukifyatuka, na mguu wake umo ndani. "Yeyote," alisema.

Kapteni alifungua upanga kiunoni, akauegemeza ukutani, akawatuma askari wakangoje nje. Kisha akavuta kiti cha tano akakaa. "Basi," alisema, "mmenipata."

Gracjan alimega mkate na kapteni, kwa kuwa ndivyo inavyopasa. Makombo yakaanguka mezani, palepale juu ya ubeti fulani Mungu ndiye anayeujua.

"Nakutakia afya, bwana mshairi," Zubarev alisema, "na mahali penye joto."

"Nami nakutakia..." Gracjan alitafuta neno, yeye mwenye maneno. "Nami vilevile."

Walikula supu ya bitiruti, nyekundu, na vidonge vya unga vilivyojazwa uyoga. Walikula bila kuhisi ladha. Kapteni ndiye aliyekula kwa raha, akaramba kijiko, akasema mama yake hupika inayofanana na hii. Aliongea kama mjomba aliyekuja kutoka mbali. Aliuliza Salomea anapata wapi unga mweupe. Aliuliza Gracjan anaandikia wino gani, maana wino mzuri siku hizi ni ghali.

"Wa masizi," Gracjan alisema. "Mke wangu anautengeneza."

"Wa masizi! Tone la chai tu, umekwisha. Hovyo sana kwa mtu wa vipaji vyako." Alijipangusa masharubu. "Hebu tusomee kitu. Lile la mwezi na kisima. Mke wangu analipenda."

"Sina sauti leo, kapteni."

"Mimi ni mgeni."

Gracjan alisimama akasoma shairi la mwezi na kisima kwa sauti ya mwanafunzi mbele ya fimbo. Alipomaliza, kapteni alipiga makofi kwa vidole viwili. "Vizuri. Unajua, Gavana ana sherehe ya jina lake, sikukuu ya mtakatifu wake, mwezi wa pili. Anapenda kutungiwa. Beti ishirini, thelathini. Utamtungia?"

Salomea aliacha kutafuna. Petronela aliinamia sahani yake.

"Nitajaribu," Gracjan alisema.

"Hutajaribu. Utaweza."

"Nitaweza."

Tekla, ambaye aliona wakubwa wamepooza, aliamua kuokoa karamu. "Kapteni, unajua mchezo wa vitendawili? Ukishindwa unanipa mji."

"Tekla, nyamaza ule," mama yake alisema haraka.

"Mwache, bibie. Tega, mwanangu."

"Mgeni wangu mweupe, ukimkaribisha ndani analia mpaka anakwisha."

Zubarev alifikiri kwa dhati, paji la uso limekunjamana. "Mshumaa?"

"Theluji!" Tekla aliruka. "Nipe mji!"

"Nimeshindwa, kweli." Kapteni alimtazama Gracjan, si mtoto. "Nakupa Tobolsk."

Tekla hakuwahi kuusikia mji huo wa Siberia. "Ni mkubwa?"

"Una nafasi tele. Wapolandi wengi wanaishi huko. Wengine wamekwenda kwa miguu."

Kijiko cha Salomea kiligonga sahani, kikaendelea kugonga, mpaka akakiweka chini.

"Bibi mkubwa," kapteni alisema akisukuma sahani yake, "supu hii nitaiomba tena."

Petronela alikwenda jikoni. Aliinua sufuria ya supu kutoka motoni kwa vitambaa viwili, akamsikia Tekla huko chumbani akisema kwa furaha: "Halafu sasa tuvute nyasi!"

Petronela aliganda. Ee Mama wa Mungu. Nyasi! Kila mwaka, kila nyumba, tangu bibi wa bibi yake, baada ya supu watu huingiza mkono chini ya kitambaa cha Mkesha na kuvuta unyasi mmoja kutabiri mwaka. Wenye nyumba watatu, watu wazima, waliozaliwa na mila hiyo na kuifanya maisha yao yote, walikuwa wameificha roho yao mahali pekee ambapo usiku huu kila mkono una haki ya kuingia.

"Unavutaje?" sauti ya kapteni iliuliza.

"Unaingiza mkono hapa chini, bila kuangalia. Wa kijani ni arusi, wa manjano ni kungoja, uliovunjika ni safari. Mgeni anaanza!"

"Tekla," ilikuwa sauti ya Gracjan, nyembamba, "mwaka huu tusivute."

"Kwa nini, Baba? Kila mwaka tunavuta."

"Ndiyo, kwa nini?" kapteni aliuliza, na ule ujomba ulikuwa umetoka sautini.

Petronela aliingia na sufuria. Aliona mkono wa koti la buluu umepotea hadi kifundo chini ya kitambaa chake cha arusi. Aliona vidole vikitembea chini yake kama panya chini ya shuka, vikienda mbele, vikirudi, kisha vikasimama. Aliona uso wa kapteni ukianza kuinama, kama wa mtu anayesikiliza.

Hakufikiri. Alipiga hatua, akajikwaa pasipo na kitu cha kujikwaa, akamwaga sufuria nzima mezani.

Zubarev alichomoa mkono kwa ukelele, akaruka na kiti kikaanguka. Mshumaa ulizimika, ikabaki taa ya ukutani. Wekundu ulitapakaa juu ya weupe, ukazama, ukadondoka pembeni, na Salomea akamvuta Tekla nyuma.

"Yesu na Maria! Uzee huu! Nisamehe, kapteni, nisamehe!" Petronela tayari alikuwa amezikamata ncha nne za kitambaa. Alizikusanya pamoja na sahani na vijiko, akapitisha mikono chini ya kitambaa akazoa nyasi na kila kilichokuwa juu ya ubao, akakumbatia furushi lile linalotoa mvuke na kukimbia nalo jikoni. Supu ilimchoma kifuani. Vyombo vilivunjika mikononi mwake. Alilitumbukiza lote katika pipa la maji ya kuoshea, akaingiza mikono hadi viwiko, akakamua, akasugua, akahisi karatasi zikilainika vidoleni kama unga wa maandazi.

Hatua zilimfuata. Zilisimama mlangoni.

"Unakimbia sana, bibi, kwa mtu aliyejikwaa."

"Kitambaa cha arusi yangu, kapteni." Hakugeuka. "Doa la bitiruti lisipowahiwa halitoki."

Zubarev alisogea, mkono wake uliochomwa ameubana kwapani. Alichungulia pipani. Maji yalikuwa mekundu. Kisha, taratibu, kutoka chini, zikapanda nyuzi nyeusi kama moshi, zikajikunja, zikatanda, mpaka wekundu wote ukawa kama damu iliyokaa siku nyingi.

"Nyasi zenu zina rangi nyeusi," kapteni alisema.

"Vumbi, kapteni. Mwaka wa mvua nyasi huoza."

"Wino wa masizi ni hovyo sana."

Petronela aliendelea kukamua. Alimsikia akipumua juu ya kichwa chake, akahesabu pumzi hizo kama mtu aliyelala chini ya mti unaokatwa. Akitaka, ataingiza mkono. Atatoa uji mweusi. Uji hausomeki, lakini mtu anaweza kupelekwa Tobolsk kwa uji pia.

"Nimekwisha kuvuta wangu," Zubarev alisema. Katika vidole vyake vyekundu palikuwa na unyasi mmoja, mrefu, wa manjano. "Mtoto alisemaje? Manjano ni nini?"

"Kungoja," Petronela alisema.

"Basi nitangoja." Aliuweka unyasi ule katika mfuko wa koti lake, kwa uangalifu, kama mtu anayehifadhi risiti. "Chakula kilikuwa kizuri. Mwakani niwekeeni sahani ileile. Na mwambie mwanao Gavana hapendi beti za huzuni."

Farasi walipoondoka hakuna aliyenyanyuka kufunga mlango. Theluji iliingia kidogo, ikalia, ikaisha.

Gracjan alikwenda jikoni akapiga magoti mbele ya pipa. Alitoa alichoweza: kitambaa kilikuwa kizima, lakini karatasi zilikuwa si karatasi tena. Alizikunjua kiganjani. Hapa mkia wa herufi, pale nukta. Alikaa hapo muda mrefu, supu ikimtiririka mikononi.

"Unakumbuka chochote?" Salomea aliuliza kwa upole ambao hakuwa nao mchana.

"Mwanzo. Na pale anapofika mtoni. Katikati hapana. Katikati ndiko kulikokuwa kuzuri."

Petronela aliketi kwenye kigoda, kifua kikimwuma. Alikuwa amejiandaa kwa hasira ya mwanawe, akawa na maneno tayari. "Nichukie ukitaka," alisema. "Shairi jingine utazaa. Mimi mwana mwingine sizai."

"Sikuchukii, Mama." Alikuwa hamtazami. "Mkono wake ulipoingia chini ya kitambaa, unajua niliomba nini? Sikuomba shairi lipone. Niliomba liangamie. Mwaka mzima nimeandika kuhusu watu wanaocheka mbele ya minyororo, na nilikaa pale magoti yakigongana, nikiomba liangamie upesi. Na ulipomwaga, nilifurahi. Ndivyo nilivyo. Nilifurahi, Mama."

"Hata mimi," Salomea alisema, akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyeteremsha mzigo akakuta bado mabega yameinama.

Petronela alinyanyuka akachokora pipani. Sahani nne zilikuwa zimevunjika. Moja ilitoka nzima, na aliijua kabla hajaigeuza, ile ya mgeni, aliyolia kapteni. Aliiosha mara mbili. Alitaka kuitupa nje, juu ya theluji. Lakini kengele ya misa ilikuwa haijalia bado, na usiku wa Mkesha haujui nani yuko njiani na baridi. Aliifuta, akaenda nayo chumbani, akaiweka peke yake juu ya ubao mtupu.

Tekla alikuwa amejikunyata kwenye kona karibu na jiko, magoti kidevuni. Hakuna aliyemwona kwa muda wote huo.

"Kitendawili," alisema polepole.

Alirudia. "Kitendawili, Bibi."

"Tega."

"Ameondoka, lakini bado amekaa."

Gracjan alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono myekundu. Salomea alijifuta macho. Wote watatu walitazama kiti cha tano, kilichokuwa bado kimeanguka sakafuni, na hakuna aliyekwenda kukiinua.

"Mmeshindwa," Tekla alisema, bila furaha. "Nipeni mji."

Petronela alitafuta mji. Wa kwanza kumjia ulimini ulikuwa Tobolsk, akauma ulimi. Alitafuta mwingine, na mwingine, akakuta kwamba yote amekwisha kuitoa.

"Chukua Sandomierz," alisema.

"Lakini huo ni wetu, Bibi. Tunakaa humu."

"Ndiyo maana nakupa wewe." Alikwenda akamfunika mtoto kwa shali yake iliyonuka bitiruti. "Ushike. Ushike vizuri, na akikuuliza mtu, sema huna mji wowote."